Moto Uliowashwa na Maji: Safari ya Oklo, Gabon

Gari moshi la Gabon huanzia Owendo, bandari iliyo kando ya mji mkuu wa Libreville, na mara nyingi huondoka jioni. Msafiri aketiye dirishani huona kwanza taa za bandari, kisha magogo ya mti wa okume yaliyolazwa kando ya reli yakingoja meli, kisha msitu. Baada ya hapo ni msitu mtupu. Reli hiyo ilijengwa kuanzia miaka ya 1970 na kufika Franceville mwishoni mwa 1986. Urefu wake ni kilomita 650 hivi, na kwa sehemu kubwa hufuata bonde la mto Ogooué. Hupita Ndjolé, hupita Booué karibu kabisa na mstari wa ikweta, hupita Lastoursville. Na usiku kucha hupishana na mabehewa marefu yaliyosheheni mawe meusi. Mawe hayo ni manganizi ya Moanda yanayoshuka pwani.

Msafiri wa Oklo hafiki mwisho wa reli. Huteremka Moanda, hushika barabara ya kaskazini, na baada ya kilomita 25 hivi huingia Mounana. Ni mji mdogo katika vilima vya mkoa wa Haut-Ogooué, wenye nyumba za safu zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi. Urani iligunduliwa hapo mwaka 1956. Uchimbaji ulianza 1961, ukakoma 1999. Leo mashimo mengine yamefunikwa udongo na kuota nyasi, mengine yamejaa maji. Hakuna mnara wala moshi. Mgeni aliyetazamia maajabu ya kutazamwa kwa macho atasikitika, kwa maana ajabu la Oklo lilikwisha kutukia kabla ya kuwako jicho lolote la kulitazama.

Mahali hapo, miaka bilioni mbili iliyopita (yaani miaka milioni elfu mbili), ardhi yenyewe iliwasha moto wa atomiki. Haikuuwasha kwa kishindo kama bomu. Iliuwasha polepole, ikautunza, ikauzima na kuuwasha tena, kwa muda wa miaka laki kadhaa. Mpaka leo hapajajulikana mahali pengine duniani palipotokea jambo hilo bila mkono wa mtu.

Habari yenyewe ilijulikana kwa njia ambayo askari wa upelelezi ataipenda. Mwezi Juni 1972, katika kiwanda cha Pierrelatte kusini mwa Ufaransa, kiwanda kilichotayarisha urani kwa kazi za kijeshi, fundi wa maabara alikuwa akipima shehena kama ilivyokuwa desturi. Urani ina aina mbili kubwa: nzito, iitwayo urani 238, ambayo ndiyo nyingi mno, na nyepesi kidogo, urani 235, ambayo ndiyo ipasukayo kwa urahisi na kutoa nguvu. Uwiano wa aina hizi mbili haubadiliki. Katika kila chembe laki moja za urani, 720 ni za aina nyepesi, iwe urani hiyo imetoka Kanada, Kongo au Australia. Hata mawe yaliyoletwa kutoka mwezini hayakuwa na tofauti. Lakini katika shehena ile zilikuwamo 717.

Chembe tatu katika laki moja! Mwenye duka asingejali upungufu wa kiasi hicho katika gunia la mchele. Penye urani, upungufu huo haukuweza kufumbiwa macho, kwa kuwa aina inayopungua ndiyo hiyo hiyo itengenezayo mabomu. Hesabu zilipojumlishwa kwa shehena zote zilizohusika, ilionekana kwamba kilo 200 hivi za urani 235 hazikuwapo mahali zilipotakiwa kuwa. Zilikuwa zimekwenda wapi? Je, palikuwa na mwizi? Au mtu alichanganya urani safi na masalio ya kinu fulani?

Wapelelezi wakarudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka kiwanda hadi kiwanda, kutoka pipa hadi pipa, wakivuka bahari hadi Mounana. Kila mahali hesabu ya kuingia na ya kutoka ilikuwa sawa. Mwishowe walifika kwenye ukuta wa machimbo ya Oklo, wakapima jiwe ambalo halijapata kuguswa na mtu, nalo likaonekana limepungukiwa tayari. Katika vipande vingine upungufu ulizidi nusu. Kwa hiyo hakuna binadamu aliyeiba. Aliyeitumia urani ile aliitumia ikiwa bado ndani ya mwamba.

Mhalifu huyo alikuwa ameacha alama za vidole. Urani ipasukapo huacha majivu ya namna ya pekee, yaani madini mengine mepesi zaidi kama neodimi, na mchanganyiko wa aina za neodimi itokanayo na mpasuko haufanani kabisa na ule wa neodimi ya kawaida. Neodimi ya Oklo ililingana na ile ipatikanayo katika vinu vya nyuklia. Tarehe 25 Septemba 1972 wakuu wa nguvu za atomiki wa Ufaransa walitangaza habari hiyo. Mwaka 1975 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Libreville kuijadili.

Hapa yafaa kusimama kidogo na kueleza moto huo ni wa namna gani, maana si moto wa kuni. Kiini cha urani 235 kikipigwa na nyutroni, ambayo ni chembe ndogo mno isiyo na chaji ya umeme, hupasuka vipande viwili. Mpasuko huo hutoa joto kubwa na kurusha nyutroni nyingine mbili au tatu. Zikipata viini vingine, navyo hupasuka na kurusha zao, na mambo huendelea hivyo kama habari ipitayo kijijini kutoka mlango hadi mlango. Shida ni kwamba nyutroni zikisharushwa hukimbia mno, na zikikimbia mno huvipita viini bila kuvipasua. Hapana budi kitu kizipunguze mwendo. Maji huifanya kazi hiyo vizuri sana: nyutroni iingiapo katika maji huwa kama mtoto aliyekuwa akikimbia kisha akaingia matopeni.

Basi hii ndiyo tofauti kati ya moto wa Oklo na moto wa jikoni. Mama akimwagia maji mafiga yake, moto hufa. Huko Oklo maji ndiyo yaliyowasha moto, na yalipokauka, ukazimika.

Profesa Paul Kuroda, mkemia mzaliwa wa Japani aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, alikwisha kupiga hesabu ya jambo hili mwaka 1956, miaka 16 kabla ya fundi wa Pierrelatte kuona upungufu wake. Alisema kwamba zamani za kale sana, penye urani nyingi na maji, kinu cha asili kingeweza kuwaka. Wengi walilichukua jambo hilo kuwa la karatasini tu.

Kwa nini zamani, na si leo? Kwa sababu urani hupungua yenyewe kadiri miaka ipitavyo, na ile nyepesi hupungua upesi kuliko nzito. Miaka bilioni mbili iliyopita, katika kila chembe mia, tatu na zaidi zilikuwa urani 235. Hicho ni karibu sawa na kiasi ambacho viwanda vya leo hutumia gharama kubwa kukifikia ili kulisha vinu vya umeme. Wakati huo dunia ilikuwa nacho bure.

Lakini nguvu hiyo tu isingetosha. Ilitakiwa pia urani irundikane mahali pamoja. Nayo haiyeyuki katika maji mpaka pawe na oksijeni. Hewa ya dunia ya kwanza haikuwa nayo. Oksijeni ilipoanza kuongezeka, ikitolewa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa jicho, mito na maji ya mvua yaliweza kuichota urani kutoka kwenye miamba na kuibeba. Katika mawe ya mchanga ya nchi ambayo leo ni Gabon, maji hayo yalikutana na mabaki ya viumbe hao, na urani ikanasa hapo. Haba na haba, safu zikawa nene. Maji yakapenya katikati yake. Moto ukawaka.

Uliwaka namna gani? Katika mwaka 2004 Alex Meshik na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walitangaza walichokipata walipochunguza punje ya jiwe la Oklo. Gesi ya zenoni, ambayo ni moja ya majivu ya mpasuko, ilikuwa imenaswa ndani yake, na kwa kupima aina za gesi hiyo waliweza kusoma ratiba ya kinu chenyewe. Kiliwaka kwa dakika 30 hivi. Joto likapanda, maji yakachemka na kutoka, nyutroni zikakosa cha kuzipunguza mwendo, moto ukazimika. Mwamba ukapoa kwa muda wa saa mbili na nusu, maji yakarudi, moto ukawaka tena. Askari yeyote aliyepata kukaa lindoni ataitambua ratiba hiyo ya zamu na mapumziko, ila zamu za Oklo ziliendelea kwa miaka laki kadhaa bila mkuu wa kuzipanga na bila hata moja kuleta maafa.

Nguvu yake, hata hivyo, haikuwa ya kutisha. Kwa wastani haikufika kilowati 100, kiasi cha kuchemsha birika 50 hivi za umeme kwa wakati mmoja. Si kinu kimoja kilichowaka. Sehemu kama 16 hivi zimekwisha tambuliwa Oklo, Okelobondo iliyo jirani, na Bangombé iliyo mbali kidogo.

Jambo lililowashughulisha wataalamu kuliko yote ni majivu. Kinu chochote cha nyuklia huacha takataka zenye mionzi mikali, na nyingine hukaa na sumu yake maelfu ya miaka. Kuzificha takataka hizo ni tatizo ambalo nchi tajiri zimelihangaikia tangu zilipoanza kutumia nguvu hizo. Ufini imechimba mahandaki katika mwamba mgumu mamia ya mita chini ya ardhi kwa kazi hiyo moja. Oklo haikuwa na handaki wala sanduku la chuma. Hata hivyo plutoni iliyozaliwa humo ilikaa pale pale ilipozaliwa mpaka ikageuka yenyewe kuwa urani. Neodimi na ndugu zake hawakusogea ila kidogo. Udongo wa mfinyanzi uliouzunguka moto ule ulishika sehemu kubwa ya majivu yake, ingawa si yote: gesi na madini kadhaa yayeyukayo kwa wepesi yalitoroka.

Inampasa msafiri aliyesimama Mounana kuyalinganisha hayo na yaliyofuata. Wachimbaji walipokuja, mawe yalitolewa, yakasagwa, urani ikachujwa, na mchanga uliobaki, wenye mionzi bado, katika miaka ya mwanzo ulimwagwa katika bonde ambamo maji ya mto hupita. Baadaye sana ndipo ulipofunikwa udongo. Baadhi ya nyumba za mji zilikutwa na gesi ya radoni kupita kiasi, kwa kuwa mawe ya mgodi yalitumika katika ujenzi, ikabidi wakazi wahamishwe. Wafanyakazi wazee na jamaa zao wameendelea kudai wapimwe afya na watendewe haki kwa maradhi ambayo wanaamini waliyapata kazini. Mwamba ulitunza majivu ya kinu chake miaka bilioni mbili. Binadamu alishindwa kutunza mchanga wake hata miaka 40.

Msomaji wa Katanga huenda amekwisha kuuliza: mbona Shinkolobwe haikuwaka? Ni swali la haki. Mgodi wa Shinkolobwe, ulio karibu na Likasi, ulikuwa na urani tajiri kuliko karibu mahali pote duniani. Mawe yaliyotoka humo yalifikia asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati kwingineko asilimia moja huhesabiwa kuwa nzuri. Jibu ni umri. Urani ya Shinkolobwe ilijikusanya miaka milioni 600 hivi iliyopita. Wakati huo sehemu nyepesi ilikuwa imekwisha shuka hadi chembe moja na kitu kidogo katika mia, na maji peke yake hayakuweza tena kuiwasha. Oklo iliwahi, Shinkolobwe ilichelewa.

Ikabaki imelala mpaka watu walipoiamsha. Iligunduliwa mwaka 1915, ikachimbwa kwanza kwa ajili ya radiamu ya hospitali, na urani yenyewe ikahesabiwa karibu kuwa takataka. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Kibelgiji iliyomiliki mgodi, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani. Yakakaa ghalani hadi jeshi la Marekani lilipoyanunua mwaka 1942. Tarehe 2 Desemba mwaka huo huo, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo mjini Chicago, Enrico Fermi na wenzake waliwasha kinu cha kwanza kilichojengwa na watu. Walipanga matofali ya grafiti kuzipunguza nyutroni mwendo, wakijiona kuwa wa kwanza kabisa. Ilipita miaka 30 ndipo ikajulikana kwamba walikuwa wamekuja nyuma ya Gabon. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi iliyozaa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, Agosti 1945, ilitoka Shinkolobwe. Wachimbaji wa Kikongo walioibeba hawakuambiwa inakwenda kufanya nini.

Mgodi ulifungwa mwaka 1960 na mashimo yake kuzibwa kwa saruji. Wachimbaji wadogo waliingia baadaye kutafuta kobalti na shaba, na mwaka 2004 sehemu ikaporomoka na kuua watu. Nchi yenyewe ilipata ukumbusho mmoja wa heshima: kinu cha utafiti kilichowashwa mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, cha kwanza barani Afrika kujengwa na watu, kwa juhudi za mkuu wa chuo, Monsinyori Luc Gillon. Kilikuwa cha kilowati 50, kwa hiyo kilifanana kwa nguvu na moto wa Oklo kuliko na mitambo mikubwa ya umeme kama ule wa Koeberg, Afrika Kusini. Mwaka 1972, mwaka ule ule wa habari za Oklo, kikafuatwa na cha pili chenye nguvu zaidi, ambacho kilisimama mwaka 2004.

Turudi Gabon, maana bado kuna mahali pamoja pa kwenda. Kutoka Oklo hadi Bangombé ni kilomita 30 hivi kuelekea kusini mashariki. Huko msitu hukatika mara kwa mara, na nyanda za nyasi hufunguka, na jua la ikweta humpiga msafiri utosini bila huruma.

Hilo jua nalo ni moto wa atomiki, lakini wa namna ya pili. Halipasui viini vizito, huunganisha vyepesi. Ndani kabisa, penye joto la digrii milioni 15, viini vya haidrojeni hubanwa mpaka vikaungana kuwa heli. Kila sekunde tani milioni 600 hivi za haidrojeni hupita katika kazi hiyo, na tani milioni 4 hivi hazionekani tena kama mata, bali hugeuka nguvu. Nuru ikishatoka usoni mwa jua hufika hapa kwa dakika nane na kitu. Nyota zote za usiku zenye uhai huishi kwa namna hiyo. Katika mawe ya dunia muungano huo haupatikani, kwa kuwa hakuna mwamba wenye joto na uzito wa kuusukuma. Watu wameutengeneza kwa bomu, tangu tarehe 1 Novemba 1952 katika visiwa vya Pasifiki, lakini kuutuliza uchemshe maji tu ni kazi nyingine. Tarehe 5 Desemba 2022 maabara moja ya California ilipata kwa mara ya kwanza nguvu nyingi kuliko mwanga wa leza uliotumika kuuwasha, kwa chini ya nukta moja ya saa. Kusini mwa Ufaransa, huko Cadarache, mataifa mengi yanajenga mtambo mkubwa wa majaribio ya muungano huo. Pahali hapo si mbali na Pierrelatte, lilipofika jiwe la Oklo.

Bangombé haina alama ya kumwonyesha mgeni mahali hasa. Ni nyasi, na udongo mwekundu. Kwa kina kisichofika mita 15 chini yake lipo tabaka jembamba jeusi, mabaki ya kinu kimoja kidogo. Vinu vya Oklo vyenyewe vingi vimekwisha: baada ya wataalamu kuchukua vipande vyao vya kupima, mgodi uliendelea, na mawe yaliyowahi kuwaka yalichimbwa, yakachujwa na kuuzwa pamoja na mengine, yaende yakawake tena katika vinu vya Ulaya. Katika miaka ya 1990 wanajiolojia waliandika kuomba kwamba Bangombé isiguswe, kwa sababu ndiyo iliyosalia. Mgodi ulifungwa kabla ya kuifikia. Kwa kuwa kinu hicho kiko karibu na uso wa ardhi, maji ya mvua hukifikia, na tangu zamani yamekuwa yakikimumunya polepole. Maji hayo hupenya kama yalivyopenya zamani, lakini hayakiwashi tena. Urani nyepesi iliyobaki ni chache mno.